Mama yuko kwenye kemo, anaweza kunywa mwarobaini?

Swali: Mama ana saratani ya titi, kashapata kemo mbili. Shangazi anamletea juisi ya mwarobaini kila asubuhi, anasema maabara zimeshathibitisha inaua bakteria na saratani, na anataka mama aachane na kemo. Wewe kama mfamasia unasemaje?

Jibu: Pole sana dada, na mfikishie mama pole zangu. Shangazi hajadanganya kuhusu maabara, majani yale yana kitu kinaitwa nimbolide na kweli kimeua seli za saratani kwenye vile visahani, bakteria nao wamezuiwa, lakini kwenye kisahani unamwagia seli moja kwa moja, hakuna tumbo, hakuna ini la kuivunja dawa, hata siki ukimwaga pale seli zinakufa. Halafu kipimo: antibayotiki nzuri inazuia bakteria kwa maikrogramu chache kwa mililita, mwarobaini mara nyingi unataka miligramu kadhaa, karibu mara elfu, sasa kikombe cha asubuhi hakifikishi kiasi hicho kwenye damu.

Miti siidharau kabisa. Vinkristini, dawa ya kemo tunayowapa watoto wenye saratani ya Burkitt, imetoka kwenye ua la vinka lenye asili ya Madagaska, watafiti wa Kanada miaka ya 1950 walikuwa wanatafuta dawa ya kisukari kwenye majani yake wakaona chembe nyeupe za damu za panya zinashuka, ndo safari ikaanzia hapo. Leo dozi moja kwa kawaida haizidi miligramu 2, na inaingia kwenye mshipa tu. Ua hilohilo ukilichemsha nyumbani hujui umekunywa kiasi gani. Na mwarobaini haujafika hata hapo, hakuna majaribio makubwa kwa wagonjwa yaliyoonyesha unaponya titi.

Kwa hiyo kemo asiache, nakuomba sana. Juisi mbichi isimame kwanza, manake kemo inashusha kinga na majani yaliyopondwa na maji yasiyochemshwa yanaweza kumletea maambukizi, na kama anatumia dawa za kisukari sukari inaweza kushuka mno. Daktari wake aambiwe alichokunywa na kiasi gani, asione aibu. Mafuta ya mwarobaini ndo kabisa yasinywewe, kuna watoto walipata degedege wakafa.

Akipata homa ya 38 au zaidi msisubiri asubuhi, hospitali hapohapo. Shangazi naye mwombe amsindikize kliniki inayofuata, amuulize daktari mwenyewe.