Bawasiri na tiba ya Ayurveda: maswali yenu

Wiki hii najibu maswali ya ugonjwa ambao watu huusema kwa kunong'ona. Wengi mnataka kujua Ayurveda, tiba ya kale ya Kihindi, inafaa kiasi gani.

Mjomba alitibiwa India kwa "uzi wa dawa". Ni uzi gani huo?

Unaitwa kshara sutra. Ni uzi wa kitani unaopakwa dawa mara 21, na kila mpako hukaushwa kabla ya unaofuata. Mipako 11 ya kwanza ni utomvu mtupu wa snuhi, mmea wa jamii moja na mnyaa wetu wa kwenye nyua. Saba zinazofuata ni utomvu huo na chumvi kali inayotolewa kwenye majivu ya mmea wa apamarga, na tatu za mwisho ni utomvu na manjano.

Daktari huufunga uzi kwenye shina la kinyama cha bawasiri kilichovimba. Damu inayokilisha inakatika, dawa inakila taratibu, na baada ya siku kadhaa kinadondoka. Asili yake ni maandishi ya kale ya Sushruta kuhusu upasuaji, na waliofufua kazi hiyo ni matabibu wa Chuo Kikuu cha Banaras Hindu, Varanasi, miaka ya 1960.

Hapo sasa wauzaji huchanganya mambo. Jaribio kubwa la Baraza la Utafiti wa Tiba la India, lililotolewa 1991, lilihusu fistula ya njia ya haja kubwa, yaani kijitundu kinachotoboka kutoka ndani ya njia hiyo hadi kwenye ngozi ya pembeni, si bawasiri. Waliotiwa uzi walichukua takriban wiki 8 kupona na waliopasuliwa wiki 4, ila fistula iliwarudia asilimia 4 tu ya wa uzi, na asilimia 11 ya wa kisu. Ni matokeo mazuri, lakini ya fistula. Anayekuambia uzi "umethibitishwa", muulize kwa ugonjwa upi. Na tafadhali, asije mtu akajipaka utomvu wa mnyaa nyumbani, huo unaunguza.

Je, kila mgonjwa wa Ayurveda hufungwa uzi?

La. Sushruta alitaja njia nne: dawa, magadi makali, moto na kisu. Bawasiri changa isiyo na makuu hupewa dawa, iliyo ngumu na nene huchomwa, yenye shina jembamba hukatwa. Nauheshimu mpango huo, maana hata hospitalini leo hawaanzi na kisu.

Bibi wa jirani, mwenye asili ya Gujarat, ananiambia ninywe mtindi. Ni kweli?

Anajua asemalo. Charaka, andiko jingine la kale, linasema kwa baadhi ya aina za bawasiri hakuna dawa kuzidi takra, yaani mtindi uliosukwa ukatolewa siagi. Hautakudhuru kama maziwa hayakusumbui. Ila mimi ningemwomba bibi huyohuyo isabgol, yale maganda ya mbegu wanayoyalima sana kwao. Nyuzinyuzi hulainisha choo na hupunguza damu. Koroga kwenye glasi nzima ya maji, unywe papo hapo, na siku nzima usiache maji. Ugali wa dona, maharage na matembele hufanya kazi ileile kwa bei ya sokoni.

Nina mimba ya miezi sita. Ninywe triphala?

Usinywe, mama. Ni unga wa matunda matatu makavu na unaendesha tumbo. Kalia beseni la maji ya vuguvugu, kula nyuzinyuzi, na umweleze mkunga kliniki.

Nimeuziwa vidonge vyeusi visivyo na lebo, eti vya Ayurveda. Nivitumie?

Vitupe. Katika utafiti uliotolewa 2004, watafiti walipima dawa 70 za Ayurveda zilizonunuliwa madukani eneo la Boston, Marekani. 14 zilikuwa na risasi, zebaki au aseniki. Hizo zilikuwa na lebo.

Nina miaka 52. Natoa damu mwezi wa tatu sasa, na dawa ya Kihindi haijasaidia. Niongeze dozi?

Shikamoo. Usiongeze. Nani aliyekuangalia akasema ni bawasiri? Saratani ya utumbo mpana nayo hutoa damu, na kwa umri wako lazima ichunguzwe. Nenda hospitali wiki hii, omba kupimwa njia ya haja kubwa na wingi wa damu, na vidonge hivyo uende navyo daktari avione.