Namna ya Kusoma Nia ya Mhusika katika Tamthilia ya Kimafia

Wengi wetu tuliokulia kwenye vibanda vya video hapa Mbeya tulizoea mapema kumweka kila mtu wa kwenye sinema katika kundi moja kati ya mawili: steringi, ambaye hafi, na adui, ambaye lazima apatikane mwishoni. Mgawanyo huo unatosha kwa sinema za mapigano, lakini humkwamisha mtazamaji anapokutana na The Sopranos, tamthilia ya David Chase iliyorushwa na kituo cha televisheni cha HBO cha Marekani kuanzia Januari 1999 hadi Juni 2007 katika sehemu 86. Humo steringi ni Tony Soprano, mkuu wa genge la mafia la New Jersey. Anapora, anaua, anamsaliti mke wake, na bado anatokwa na machozi mbele ya daktari wa akili kwa sababu bata waliokuwa wakiishi kwenye bwawa lake la kuogelea wameruka na kwenda zao.

Ninafundisha fasihi ya Kiswahili katika shule ya sekondari, na jioni za mwisho wa juma, hasa katika baridi ya Juni na Julai ambapo Uyole hakuna anayetamani kukaa nje, majirani huja kutazama tamthilia hii sebuleni kwangu. Nimewasikia watu wa kazi mbalimbali wakibishana kuhusu kwa nini Tony Soprano alitenda hiki au kile, na kutokana na mabishano hayo nimejenga mazoea ambayo nampendekezea kila anayetaka kuchambua wahusika wa aina hii. Mhusika anapotoa sababu ya jambo alilotenda, iandike sababu hiyo kwenye daftari, kisha uandike pembeni yake ni nani aliyebeba gharama ya jambo lile. Ukiyatazama maandishi hayo mawili kwa pamoja, nia huanza kuonekana.

Sehemu ya tano ya msimu wa kwanza inafaa sana kuanzia. Tony anampeleka binti yake, Meadow, kutembelea vyuo katika jimbo la Maine, na wakiwa garini binti anamuuliza waziwazi kama yeye ni mtu wa mafia. Baba anakana, halafu anakiri kwamba baadhi ya fedha zake hutokana na kamari haramu. Katika safari hiyohiyo anamwona mtu aliyewahi kuwa mwenzao, ambaye alitoa siri za genge kwa serikali na sasa anaishi huko kwa jina jingine. Anamfuatilia, na wakati binti yake yumo kwenye usaili wa chuo, yeye mwenyewe anamnyonga. Wakuu wa HBO walihofu kwamba watazamaji wangemchukia Tony kabla hawajamzoea, lakini Chase alishikilia mauaji hayo yabaki, na nadhani alikuwa sahihi kabisa.

Mtazamaji wa haraka atasema kwamba Tony alitekeleza sheria ya genge, kuwa msaliti lazima afe. Hata hivyo, Christopher, kijana wa genge lake, alijitolea kwa simu kusafiri hadi huko ili aifanye shughuli hiyo, na Tony akakataa. Sheria ilitaka mtu yule afe. Haikumtaka baba aliyeko safarini na binti yake kuwa muuaji. Alichukua kazi hiyo kwa sababu aliitaka, na furaha iliyo usoni mwake inathibitisha hivyo. Aliyelipa, ukimwacha marehemu, ni Meadow: anauliza kuhusu tope la viatu na jeraha la mkono, na baba aliyekuwa ameanza kumwambia ukweli anarudi kwenye uongo.

Mhusika ambaye sebule yangu humjadili kwa moto zaidi, hata hivyo, ni Carmela, mke wa Tony. Wanaume wengi humwona kama mwathirika, na baadhi ya vijana humwona kama mwanamke mpenda fedha tu. Aliyetufungua macho ni dada mmoja anayeuza mchele wa Kyela katika soko la Mwanjelwa, mtu ambaye siku nzima huwatazama watu wakisema hawataki kununua huku mikono yao ikiendelea kupima punje. Alisema, “Mwalimu, huyu mama hajadanganywa. Amepatana bei.” Tangu hapo tumekuwa tukifuatilia bei hizo kwa makini, na maandishi ya tamthilia yanampa haki.

Katika sehemu ya saba ya msimu wa tatu, Carmela anakwenda kwa daktari mzee wa akili, Krakower, ambaye hamfariji hata kidogo. Anamwambia amwache mume wake, achukue watoto tu, aondoke; na anakataa kupokea malipo, kwa kuwa hataki fedha zenye damu. Carmela analia, na machozi yake ni ya kweli. Lakini kabla sehemu haijaisha anamtaka Tony akitolee chuo cha binti yao, Columbia, dola 50,000, kiasi ambacho Tony alikuwa amekipinga, na anapewa. Ameambiwa fedha hizo ni chafu, na jibu lake ni kudai nyingi zaidi, zipite kwenye mlango wenye heshima. Msimu wa tano, wanapopatana baada ya kutengana, anaomba dola 600,000 za kununua kiwanja ili ajenge nyumba ya kuuza. Katika sehemu hiyohiyo Adriana, mchumba wa Christopher, anapelekwa msituni na kuuawa kwa sababu alikuwa akizungumza na FBI, shirika la upelelezi la Marekani, na sehemu inafungwa kwa Tony na Carmela wakiwa kwenye kiwanja chao chenye miti. Carmela hajui lolote kuhusu kifo hicho, lakini waandishi wameuweka msitu karibu na msitu ili sisi tujue. Nia yake, kwa maoni yangu, si fedha zenyewe. Anataka kuwa mtu mwema bila kuacha kitu chochote alichonacho, na ndiyo maana namwona kuwa mhusika mgumu kuliko mume wake.

Jihadhari pia na sababu zinazozaliwa baada ya tendo. Katika msimu wa sita, gari wanalosafiria Tony na Christopher linapinduka. Christopher, aliyeumia vibaya, anasema akipimwa atakutwa na dawa za kulevya mwilini. Tony anaanza kupiga simu ya dharura, anaiacha, kisha anamziba pua hadi anakata roho. Baadaye anataja tena na tena tawi la mti lililopenya kwenye kiti cha mtoto nyuma ya gari, kana kwamba mtoto angeweza kufa kwa uzembe wa baba yake. Kiti kilikuwa kitupu. Ndani ya sekunde zile za kuziba pua zimo hofu kwamba kijana angeweza siku moja kutoa siri, hasira ya filamu aliyoitengeneza Christopher na kumfedhehesha Tony, uchovu wa miaka mingi ya kumbeba mlevi, na labda nyingine. Usijilazimishe kuchagua moja. Mhusika duara, kama tunavyofundishana darasani, husukumwa na mambo mengi, na kazi ya mhakiki ni kuyapanga kwa uzito.

Kuhusu utoto, kuwa na kiasi. Tony alipokuwa mtoto alimwona baba yake akimkata kidole mwenye bucha aliyekuwa na deni la kamari, na nyumbani akamwona mama yake, Livia, akifurahia nyama iliyotoka huko. Hilo linaeleza kwa nini nyama humfanya azimie ukubwani. Halielezi kwa nini anaendelea kukusanya madeni kwa njia ileile, akijua.

Inasaidia pia kutazama pamoja na mtu asiyeelewa Kiingereza vizuri. Jirani zangu ambao hawafuati kila neno ndio huwa wa kwanza kuona jicho lililokwepa au mkono uliositasita, kwa kuwa hawajashughulishwa na maelezo ya mhusika.

Ukishazoea, jaribu sehemu ya nne ya msimu wa tatu. Daktari Melfi, anayemtibu Tony, amebakwa, na mhalifu ameachiwa kwa kosa la utaratibu wa polisi. Neno moja tu kwa mgonjwa wake lingetosha kulipiza. Tony anamuuliza kama ana la kusema, na yeye anajibu hapana. Andika sababu unazomdhania, andika anayelipa, na utaona kwamba mara hii mwamuzi na mlipaji ni mtu mmoja.