Usichanganye Madai: Niliyojifunza Baada ya Kuanguka Kazini Uingereza

Majira ya baridi ya 2023 niliteleza kwenye korido ya nyumba ya wazee ninakofanya kazi, hapa England. Sakafu ilikuwa imetoka kupigwa deki, na kibao cha tahadhari hakikuwapo. Nikavunjika kifundo cha mkono. Miezi minne sikwenda kwa wakili, kwa hofu tu. Nyumbani Tanzania mjomba wangu alishindwa kesi ya kiwanja, akauza ng'ombe wawili kulipa gharama za mwenzake.

Hapa pia, kwa kesi nyingi, anayeshindwa hulipa. Lakini tangu Aprili 2013, England na Wales, anayedai fidia ya kuumia mwili ana kinga: akishindwa, kwa kawaida halipi gharama za upande wa pili. Mdaiwa akishindwa, analipa. Kinga hiyo huondoka mahakama ikiona umedanganya kwenye jambo la msingi, kwa hiyo usimwambie daktari huwezi kushika kikombe halafu uonekane TikTok ukicheza singeli harusini.

Wenzangu wabeba boksi husikia mawakili wakisema "usiposhinda hulipi" wakadhani ni bure. Ukishinda, wakili anaweza kukata ada ya ushindi kwenye pesa zako: mwisho ni asilimia 25 ya fidia ya maumivu na ya hasara iliyokwisha kukupata. Ya hasara za mbele haiguswi. Mwulize pia nani atalipia bima ya gharama za kesi atakayokukatia.

Sasa kilichonitia wazimu. Nikiwa bado na plasta, meneja alirusha barua yangu ya hospitali kwenye grupu la WhatsApp la shifti. Barua nzima, hadi dawa ninazotumia! Nikamwambia wakili: ongeza na hilo, tuwashitaki kwa yote. Akanionyesha hukumu ya Mahakama ya Rufani ya 2019. Askari polisi wa kike wa London, akiwa likizo ya ugonjwa, alisafiri kwenda Barbados, na wakubwa wake wakachimba taarifa za safari yake kinyume cha sheria. Akadai fidia ya faragha na ya kuumia kwa pamoja. La kuumia likaanguka, mengine yakampatia pauni 9,000. Mahakama ikasema madai yakichanganyika hivyo, kinga si ya moja kwa moja tena. Jaji ndiye anayepima. Kama kiini cha kesi ni kuumia, mara nyingi atakulinda. Kama kiini ni faragha, ujue unacheza na pesa zako.

Nilinuna wiki nzima, kisha nikalitenga lile la barua. Nililalamika kazini kwa maandishi, na kwa Kamishna wa Taarifa, ofisi inayosimamia ulinzi wa taarifa binafsi, ambako hulipi kitu. Niliombwa radhi. Haikunitosha, ila haikunigharimu.

Kwenye kesi ya mkono, kampuni ya bima ya mwajiri wangu ilileta ofa rasmi ya pauni 6,500, siku 21 za kujibu. Mimi nilitaka 10,000. Wakili akaniambia: ukikataa, na jaji akakupa isiyozidi hiyo, gharama zao za tangu siku hizo zipite zitakuwa juu yako. Na kwa kesi zilizofunguliwa kuanzia tarehe 6 Aprili 2023, wanaweza kuzikata kwenye fidia yako pamoja na gharama ulizopaswa kulipwa wewe. Mfukoni mwako hawaingii, ila unaweza kushinda ukatoka mikono mitupu. Nilipokea siku ya 19.

Kabla hujasaini na wakili yeyote, soma karatasi za bima ya nyumba yako na uulize chama cha wafanyakazi kama uko humo. Mara nyingine gharama za kisheria zimeshalipiwa. Bima yangu ya vyombo vya ndani ilikuwa na kipengele hicho. Nilikiona wiki tatu baada ya kusaini.