Usizibe kila tundu kabla hujajua unyevu unatoka wapi

Dada, umesema nyumba yako ya Ngaramtoni inapitisha upepo baridi, nyuma ya kabati ukuta umeota ukungu mweusi, na unataka kuziba kila tundu kabla ya Juni. Naomba usianzie huko.

Anza na ukuta. Bandika kipande cha nailoni hapo penye ukungu, ukizibe kwa seloteipu pande zote nne, ukiache siku mbili. Matone yakitokea upande wa chumbani, ni mvuke wa humo ndani: kupika, kuanika nguo, hata pumzi za usiku. Fungua madirisha mchana na usogeze kabati mbali kidogo na ukuta. Matone yakiwa nyuma ya nailoni, maji yanatoka ukutani kwenyewe. Toka nje utazame: huenda gata linavuja, au udongo wa bustani umerundikwa ukapita msingi. Kupaka rangi ya mafuta juu ya ukuta mbichi ni kutupa hela, itabanduka.

Upepo ni rahisi zaidi. Fukiza ubani, upitishe taratibu kando ya fremu; moshi unapoyumba ndipo pa kuziba. Silikoni kwenye nyufa za fremu, mpira chini ya mlango. Matundu ya hewa ya darini yaache.

Na tafadhali sana, nyumba ukishaiziba, usilale na jiko la mkaa ndani, hata yakibaki makaa tu. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu inayotoka kwenye mkaa unaowaka, haina harufu, na inaua watu usingizini.