Karatasi ya mwaka 1954 na fremu mbili za duka: masharti ya mji wa kikoloni yanaibana vipi nyumba ya Majengo?

SWALI: Mimi ni mkazi wa Majengo, Dodoma. Marehemu baba alituachia nyumba ya vyumba sita, yenye korido katikati na uani kwa nyuma. Katika sanduku lake tumekuta karatasi ya Kiingereza ya mwaka 1954, iliyotolewa na mamlaka ya mji ya wakati huo. Mjukuu wake aliyetusomea anasema ina masharti matatu: nyumba yaweza kujengwa kwa vifaa visivyo vya kudumu, isifanyiwe biashara bila idhini, na mifugo isifugwe humo. Sasa tunataka kuvunja ukuta wa mbele tufungue fremu mbili za duka, na uani tunao mbuzi watatu. Jirani mmoja anatuambia karatasi hiyo bado inatubana. Mwingine anasema sheria za mkoloni zilikufa mwaka 1961. Tushike lipi?

JIBU: Ndugu msomaji, jirani anayesema sheria za mkoloni zilikufa siku ya Uhuru amekosea, na anayesema karatasi hiyo inawabana kama ilivyoandikwa amekosea pia. Mambo mawili kati ya hayo matatu, biashara na mifugo, bado yanadhibitiwa hadi leo, lakini kwa sheria nyingine kabisa. Sharti moja lililobaki, la vifaa visivyo vya kudumu, halina nguvu tena kisheria, ingawa ndilo lililoacha alama kubwa zaidi katika nyumba yenu. Nitaanza na hilo, kwa sababu bila kulielewa hamtaelewa kwa nini ofisa wa ujenzi atawauliza maswali ambayo jirani wa Uzunguni haulizwi.

Miji ya Tanganyika chini ya Waingereza iliongozwa na Sheria ya Miji ya mwaka 1920 pamoja na kanuni zilizotungwa chini yake. Kanuni hizo ziligusa karibu kila kitu: upana wa barabara, umbali wa nyumba kutoka barabarani, vyoo, maji yaliyotuama, uchuuzi, mifugo, hata mazao marefu kama mahindi karibu na makazi, yaliyodhaniwa kuwa yanaficha mbu. Kwa upande wa majengo, katika Dar es Salaam mji uligawanywa kanda tatu: ya kwanza kwa nyumba za makazi za aina ya Kizungu, ya pili kwa maduka na makazi, na ya tatu kwa nyumba za aina ya kienyeji. Wajerumani walikuwa wametangulia na wazo hilo katika amri yao ya ujenzi ya mwaka 1891, iliyotenga ufuko wa Dar es Salaam kwa nyumba imara za Kizungu. Dodoma ilikuwa bado kijiji wakati huo. Mji wetu ulikua pamoja na reli ya kati iliyofika hapa mwaka 1910, lakini ulipangwa kwa fikra ile ile, na majina yetu ya Uzunguni na Uhindini yanaitangaza hadi leo.

Tazameni jinsi kanuni hizo zilivyoandikwa. Hazikusema kwamba Mwafrika haruhusiwi kujenga katika kanda ya kwanza. Uingereza iliishika Tanganyika kwa udhamini wa Shirikisho la Mataifa, na masharti ya udhamini hayakuruhusu kuwabagua waziwazi raia wa nchi wanachama, India ikiwa mojawapo. Kwa hiyo waliotunga kanuni walizungumzia tofali, chokaa, saruji na paa badala ya kuzungumzia rangi ya mtu. Anayetaka kujenga katika kanda ya kwanza au ya pili ajenge kwa mawe, matofali ya kuchoma au saruji. Asiyeweza aende kanda ya tatu, ambako miti, udongo, nyasi na madebe yaliyopondwa viliruhusiwa. Kwa mshahara wa kibarua wa reli, sharti la saruji lilikuwa ukuta mrefu kuliko marufuku yoyote iliyoandikwa. Nalisisitiza jambo hili kwa sababu nimewasikia vijana wa taaluma yangu wakisema kanuni za zamani zilikuwa za kiufundi tu. Zilikuwa za kiufundi katika maneno yake; kazi yake ilikuwa kumpangia kila mtu mahali pa kulala.

Ruhusa ya kujenga kwa vifaa visivyo vya kudumu ilikuja na bei yake. Aliyejenga kwa udongo alipewa miliki ya muda mfupi, iliyoendelea maadamu analipa kodi ya kiwanja, kwa hoja kwamba nyumba isiyodumu haihitaji ardhi ya kudumu. Viwanja vilikatwa vidogo na kupangwa kwa mistari iliyobanana, vikitosha nyumba ile ile mnayoishi: vyumba vitatu kila upande, korido katikati, uani, jiko na choo. Sharti limekufa, ila ukubwa wa kiwanja haukufa nalo. Ndiyo maana mtu wa Uzunguni anaweza kuongeza chumba na bado akabaki na nafasi pande zote, wakati ninyi mkisogeza ukuta mmoja tu mnagusa barabara au jirani.

Kuhusu biashara, tabia ya kuifunga leseni na mahali maalumu ni ya zamani vilevile. Mwaka 1923 serikali ya kikoloni ilileta kwa mkupuo sheria za leseni za biashara, za wachuuzi na za kodi ya faida, na wafanyabiashara wa Kihindi wakafunga maduka yao kote nchini kwa kuzipinga. Leo leseni yenu itatolewa chini ya Sheria ya Leseni za Biashara Na. 25 ya mwaka 1972, na kama zamani, itataja eneo ambalo biashara itafanyikia.

Sasa tuje kwenye kiini cha swali, yaani vipi sheria ya mkoloni inaweza kuvuka Uhuru. Mwaka 1961 sheria zilizokuwapo ziliachwa ziendelee hadi zitakapofutwa au kubadilishwa na Bunge, kwa kuwa nchi haiwezi kulala ina sheria ikaamka haina. Kanuni za chini yake zilifuata mkondo huo: sheria mama ikifutwa na kuandikwa upya, kanuni zilizotungwa chini yake huendelea kuishi mradi hazipingani na ile mpya. Hata hivyo, mamlaka za miji zenyewe zilipitia misukosuko. Kuanzia mwaka 1972 halmashauri zilivunjwa, za mijini zikarejeshwa mwaka 1978, kisha Sheria ya Serikali za Mitaa, Mamlaka za Miji, Na. 8 ya mwaka 1982 ikaweka msingi tunaoutumia leo. Sheria ya mipango miji ya mwaka 1956 nayo ilifutwa na Sheria ya Mipango Miji Na. 8 ya mwaka 2007. Kwa hiyo ofisa akiwaambia kwamba biashara katika nyumba ya makazi inahitaji kibali, hasomi karatasi ya baba yenu. Anasoma sheria ya 2007 na sheria ndogo za Jiji, ambazo hupitishwa na madiwani, huridhiwa na waziri mwenye dhamana na kutangazwa katika Gazeti la Serikali. Mna haki ya kuomba kuonyeshwa tangazo hilo, na nawasihi mliombe kwa adabu kila mnapotajiwa sheria ndogo msiyoijua. Agizo la mdomo lisilo na tangazo si sheria ndogo.

Dodoma ina jambo lake la pekee. Baada ya uamuzi wa mwaka 1973 wa kuhamishia makao makuu hapa, iliundwa Mamlaka ya Ustawishaji Makao Makuu, ambayo wengi tunaijua kwa kifupi chake CDA, na usimamizi wa ardhi ya mji ukawa mikononi mwake. Mamlaka hiyo iliwapa watu miliki za miaka 33. Ilivunjwa Mei 2017, majukumu yake yakaingia katika halmashauri, na wenye hati zake wakafunguliwa njia ya kupata hati za miaka 99. Hivyo, kabla ya kuhangaika na karatasi ya 1954, tafuteni ndani ya sanduku hilo hilo kama baba alipata hati ya CDA. Ikiwa ipo, hiyo ndiyo iliyochukua nafasi ya karatasi ya zamani, na masharti yaliyo nyuma yake ndiyo yanayowahusu. Ikiwa haipo, karatasi ya 1954 haiwapi miliki peke yake, lakini ni ushahidi mzuri wa ukaaji wa muda mrefu katika urasimishaji wa makazi na katika mirathi, kwa hiyo itoleeni nakala na asili yake msimwachie mtu yeyote.

Kwa fremu mbili mtahitaji mambo matatu, na mpangilio wake ni muhimu. Kwanza someni matumizi yaliyoandikwa katika hati: yakiwa ni makazi pekee, ombeni mabadiliko ya matumizi kuwa makazi na biashara, ombi ambalo hutangazwa ili majirani wapate nafasi ya kuweka pingamizi. Pili ni kibali cha ujenzi, pamoja na michoro ya nyumba ilivyo na itakavyokuwa. Leseni huja mwisho, baada ya namba ya mlipa kodi. Wengi huanza na leseni kwa sababu ni rahisi kupatikana, kisha hushangaa fremu inapowekewa alama ya X nyekundu.

Kabla ya kuchora chochote, tafuteni bikoni za mbele, yaani alama za mpaka wa kiwanja. Miaka michache iliyopita nilipima nyumba moja hapo hapo Majengo, ambayo mwenyewe alitaka kufungia baraza liwe sehemu ya duka. Bikoni ya kushoto tuliikosa kabisa, mpaka fundi alipochimba kwa tindo sakafu ya baraza tukaikuta chini ya tabaka mbili za saruji, hatua moja nzima ndani ya kingo. Hatua hiyo ilikuwa ya barabara. Baraza la wazi ambalo bibi anakaa jioni akiuza karanga halijawahi kumsumbua mtu pale, lakini lingezungushiwa ukuta na mlango wa chuma lingekuwa uvamizi wa hifadhi ya barabara. Mabaraza mengi ya Majengo yamekua hivyo, kidogo kidogo, kila sakafu ilipokarabatiwa.

Na ukuta wenyewe. Kama nyumba yenu ni ya zama za karatasi hiyo, huenda plasta imeficha matofali mabichi au miti na udongo. Ukuta wa mbele ndio unaobeba kenchi (mbao zinazoshikilia paa) za upande wa barabara, na mkitoboa nafasi mbili pana za milango ya duka, kipande kinachobaki katikati kitabeba mzigo uliokuwa wa ukuta mzima. Tofali bichi haliwezi kazi hiyo. Dodoma iko katika ukanda wa bonde la ufa na ardhi yake hutetemeka mara kwa mara. Nimeona nyufa za mshazari juu ya madirisha ambayo hayakuwa hata na linta, ile boriti inayobeba ukuta juu ya dirisha au mlango. Mwiteni mhandisi aliyesajiliwa aangalie msingi kabla ya nyundo ya kwanza. Mara nyingi ushauri huwa ni kujenga nguzo za zege na linta ndefu huku paa likiwa limeegemezwa kwa magogo, au kuubomoa ukuta wote wa mbele na kuujenga upya kwa tofali za saruji. Njia ya pili ina gharama kubwa zaidi, lakini kwa nyumba ambayo watoto wanalala nyuma ya ukuta huo, ningeichagua.

Kuhusu mbuzi, sharti la 1954 lilikuwa marufuku kamili, nalo liliwaumiza Wagogo waliohamia mjini na mifugo yao. Siku hizi ufugaji mjini unasimamiwa na sheria ndogo za Jiji, ambazo kwa kawaida huhitaji kibali, banda safi na mifugo kutozurura. Nendeni kwa ofisa mifugo wa kata mkajiandikishe kabla ofisa wa ujenzi hajaja kukagua fremu, kwa sababu atakapopita koridoni kwenda kuangalia choo, banda la mbuzi ndilo atakaloliona kwanza.