Mumeo anaingia Cursillo: palanca ni nini, na mimi nilikosea wapi

Tumsifu Yesu Kristo. Dada uliyeuliza: mumeo anaingia Cursillo, yale mafungo ya Kikatoliki ya siku tatu, Alhamisi ijayo, mdhamini wake amekuambia umfanyie "palanca", nawe unaogopa isije ikawa ni kumlipia neema, kana kwamba Mungu ana bei. Nakujibu kwa niliyoyapitia. Nipo Texas mwaka wa tisa sasa. Mume wangu alitangulia kuingia, nikafuata.

Palanca ni neno la Kihispania, maana yake wenzo: ile nondo unayochomeka chini ya jiwe, likainuka jiwe lililoshinda mikono mitupu. Cursillo yenyewe ilizaliwa kisiwani Mallorca miaka ya 1940, ikafika Marekani mwaka 1957, hapa hapa Texas, mjini Waco, na neno likaja nayo. Kwetu ni sala na majitoleo, yale yale ya katekista: unafunga, unajinyima, unatolea kwa nia ya mtu.

Malipo hapana. Soma Kutoka 17. Yoshua anapigana na Waamaleki, Musa yuko kilimani ameinua mikono, mikono ikamlemea, Haruni na Huri wakaishikilia mpaka jua likachwa. Hakuna walichonunua pale. Mwenzao alichoka, wakamshika.

Mume wangu alipoingia, nilimwandikia barua ya palanca, ile ya kumtia moyo aliye ndani, ya kurasa nne. Tatu zilikuwa madai: pombe, simu, kuchelewa kurudi. Kufunga nilifunga, lakini kila aliyenipigia alijua nimefunga. Jumapili usiku alirudi na bahasha ya barua, zimechakaa kwa kufunguliwa. Yangu bado ilikuwa na mikunjo yake mipya. Akaniambia kwa upole, "Mama watoto, yako niliisoma mara moja tu." Hadi leo naumia nikikumbuka.

Zamu yangu ilipofika, usiku wa Ijumaa usingizi ulinipaa. Nikatoka koridoni, nikakuta karatasi ukutani imechorwa visanduku vya saa, kila kisanduku na jina la anayesali saa hiyo. Cha saa tisa usiku kilikuwa na jina la bibi mmoja wa parokia yetu, anayetembea kwa mkongojo, kaandika kwa kalamu ya bluu, herufi zinatetemeka. Nikatazama saa: tisa na dakika kumi. Basi dakika ile ile alikuwa macho, rozari mkononi, kwa ajili yetu. Nilikaa sakafuni nikalia.

Baadaye nilimfuata kumshukuru. Akasema nyonga humwamsha saa ile kila usiku. "Maumivu yangekuja tu. Nikaona niyape kazi." Kolosai 1:24, pale Paulo anapofurahia kuteseka kwa ajili ya wengine, nilikuwa nimeisikia mara nyingi Misani, siku ile ndiyo niliielewa.

Basi tolea kitu ulicho nacho kweli. Mimi nafanya zamu ya usiku kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na yupo mmoja hunitukana kila nikimbadilishia shuka. Saa hiyo ndiyo naitoa: nambadilishia taratibu, simjibu, namtaja aliye kwenye mafungo. Ni ngumu kuliko kuacha soda. Kama unanyonyesha au unatumia dawa za sukari, usifunge chakula. Yapo mengine ya kujinyima. Na chochote utakachochagua, kaa nacho kimya.

Barua iwe ukurasa mmoja, kwa mkono wako, kwa Kiswahili. Mkumbushe jambo moja alilolifanya likakugusa. Usidai kitu. Watoto wachore. Mpigie mama mkwe nyumbani, akutajie maneno nawe uyaandike kama anavyoyasema, hata akirudia rudia. Omba na Jumuiya ya kule wamweke kwenye nia zao: Misa yao ya saa kumi na mbili asubuhi ni saa tatu au saa nne usiku huku, kutegemea majira, wakati mumeo anajiandaa kulala. Bahasha zote mkabidhi mdhamini mapema, na mumeo asijue, maana zile barua hupewa bila kutarajia.

Nitakuwa kazini Ijumaa. Saa kumi alfajiri nimeshamwekea mumeo; niandikie jina lake la ubatizo tu, nijue namtaja nani.