Jibu: Niache kwaya kwa sababu ya shaka?

Pole sana kwa kufiwa na mama, dadangu. Unasema tangu msiba unaomba na huhisi chochote, na unaona ni unafiki kuendelea kuimba kwaya. Mimi nasema usiache. Mnafiki huficha, wewe umesema wazi.

Soma Zaburi ya 88. Zaburi nyingi za maombolezo humalizikia kwenye sifa. Hii inaishia gizani, na bado imo ndani ya Biblia. Kisha soma Mathayo 11. Yohana Mbatizaji, yeye aliyembatiza Yesu kwa mikono yake, yuko gerezani na anatuma watu wakamuulize Yesu kama ndiye yule ajaye, au wamngoje mwingine. Yesu hakumkemea. Alimjibu, halafu akamsifu mbele ya umati. Kifungu hicho mimi hukirudia sana.

Hapa kwetu Mombasa, Rosina, mke wa mmisionari Krapf, alifariki 1844, yeye na mtoto wake mchanga, miezi michache tu baada ya kufika. Mumewe alibaki, na 1846 akaanzisha misheni Rabai, karibu na Mombasa, pamoja na mmisionari mwenzake Rebmann. Sikutajii haya ili nikuharakishe. Huzuni ina mwendo wake.

Wimbo ukikukwama kooni, nyamaza, wenzako waimbe. Ombi lako liwe fupi kama la yule baba wa Marko 9: "Naamini, nisaidie kutokuamini kwangu." Mtafute mama mmoja wa kanisani aliyewahi kufiwa na anayejua kusikiliza. Wanaokwambia huna imani, waepuke kwa sasa. Na kama huli wala hulali, nenda umwone daktari pia.